Mgeni wa Uchagani

Nyumbani kwetu bunduki iliitwa Mgeni. Haikuwa bunduki ya dukani. Ilikuwa gobore, bomba la chuma lililofungwa kwenye kitako cha mninga na mhunzi ambaye jina lake halikutajwa mbele ya watoto. Ililala jikoni juu ya uchaga, palepale mama alipokaushia mahindi ya mbegu kwa moshi, imeviringishwa ndani ya kitenge chakavu. Baba akitaka kwenda nayo shamba alimwambia mama, "Mgeni anaamka leo." Mama alijibu, "Asichelewe kurudi." Nasi tulifundishwa kusema hivyohivyo, ili hata tukiropoka mbele za watu tuwe tumeropoka habari za mgeni, na nani atamkamata mtu kwa kuwa na mgeni?

Wazazi wangu walikuwa werevu, ila walisahau kwamba katika nchi hii mgeni huandikishwa. Nikiwa na miaka saba hivi, balozi wa nyumba kumi alipita na daftari lake akiuliza kila kaya nani amelala humo asiye wa humo. Baba na mama walikuwa shamba. Nikamwamkia vizuri, kisha nikamwambia bila kuulizwa mara mbili kwamba mgeni tunaye, amelala juu ya uchaga, na ana mguu mmoja tu. Kalamu ya balozi ilisimama hewani. Halafu akafunga daftari.

"Mwambie baba yako," akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu ampe jembe."

Nilipoufikisha ujumbe nilipigwa viboko vinne na baba, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Balozi hakuandika kitu. Alikuwa na gobore lake mwenyewe, hilo nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima. Msemo ule ukabaki utani wa nyumbani: tukiona baba anasafisha Mgeni wake, mmoja wetu alinong'ona, "Mpe jembe."

Leo mwenye daftari ni mimi. Ni mtendaji wa kijiji, si kijiji chetu bali cha jirani, ng'ambo ya Kivukoni, kule ambako zamani ulingoja pantoni nusu siku na sasa unavuka daraja kwa dakika chache ukisahau hata kuutazama mto. Barua ya serikali ilinifikia kwanza kwenye simu, kisha kwenye karatasi yenye muhuri. Yeyote anayemiliki silaha kinyume cha sheria aisalimishe kwa hiari, kituo cha polisi au ofisi ya kata, na akifanya hivyo ndani ya muda uliotajwa hatashtakiwa kwa kuimiliki. Niliisoma kwenye mkutano wa hadhara. Watu walinisikiliza kwa nyuso za kanisani. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza kama mapanga nayo yanahusika, maana yeye analo la kukatia miwa. Walicheka, nami nikakasirika, kwa sababu nilimjua yule mzee na nilijua kilichokuwa chini ya kitanda chake.

Jioni nikampigia baba simu. Alikwisha kusikia redioni. Redio ilikuwa imesema pia kwamba nchi yetu, kwenye mikutano ya dunia, husimama upande wa wanaotaka silaha zipungue na migogoro imalizwe mezani.

"Meza ipi?" baba akaniuliza. "Sisi tuna mkeka."

"Baba, ndiyo namna ya kusema. Maana yake mazungumzo."

"Basi waseme mkeka. Mtu akikaa mkekani miguu yake inaonekana."

Nilikata simu nikabaki nimekaa. Nilielewa alichosema kuhusu miguu, na sikutaka kuelewa.

Usiku ule na siku zilizofuata niliisoma barua ile tena na tena, neno kwa neno. Ilisamehe kumiliki. Haikusema lolote juu ya kilichofanywa kwa silaha hiyo. Mimi ndiye niliyewaambia watu wa kijiji kizima msiogope, leteni, nami nilikuwa naogopa kuliko wote.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mpunga ulikuwa umeiva, na wiki mbili kabla yake ng'ombe walikuwa wameingia shambani kwetu wakalala humo. Baba alifanya kila anachotakiwa kufanya mwananchi mwema. Alikwenda ofisini akaambiwa aandike barua. Aliandika. Akaambiwa angoje mtu wa kuja kupima uharibifu. Alingoja. Mtu huyo alipofika, mpunga uliokanyagwa ulikuwa umeoza na haukupimika, akatupa pole, akala mhogo, akaondoka. Baba alikwenda hata kwenye maboma ya wafugaji wenyewe, akakuta wanawake peke yao, nao hawakijui Kiswahili wala yeye hakijui Kisukuma. Tangu siku ile akahamia kwenye dungu, ule ulingo wetu wa kulindia shamba, na Mgeni akahamia naye.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala bondeni. Nilikuwa chini ya dungu nachochea moto wa chai, baba yuko juu. Sikuona kitu. Nilisikia mlio wa Mgeni, ule mlio mzito unaotangulia moshi wake, kisha sauti ikatoka kwenye matete. Ilisema neno moja. "Mayu."

Baba akashuka ngazi. "Sheshe," akasema. "Nimepiga sheshe."

Sheshe ni swala wa bondeni kwetu, rangi yake kahawia, na kweli hupenda kujificha kwenye matete. Nikamwambia, "Baba, sheshe haongei."

Tulitafuta. Tulikuta damu kwenye majani, si nyingi, na njia ya matete yaliyolala kuelekea kwenye mkono wa mto. Kwenye tope kulikuwa na katambuga moja, kiatu cha tairi, la mguu wa kushoto, ukanda wake umeshonwa kwa uzi wa kijani wa nyavu. Baba akaniambia nirudi nikazime moto. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. Alisema amelitupa mtoni. Alisema pia kwamba mtu aliyeweza kukimbia hivyo hajaumia sana. Tukavuna mpunga uliobaki.

Tulingoja, na hilo ndilo ninalotaka mtu alielewe. Tulingoja tai wazunguke juu ya mto, hawakuzunguka. Tulingoja polisi. Tulingoja wafugaji wenyewe waje na mikuki, maana wakati ule bondeni watu walikuwa wanauana kwa ajili ya mpunga na nyasi, na kila upande una makaburi yake. Hakuja mtu. Laiti wangekuja. Ningejua kama yule mtu ana mama, kama alifika kwao, kama anachechemea mahali fulani akimtukana baba yangu kila baridi ikianza.

Mama hakuambiwa, akajua. Aliacha kulitamka neno mgeni. Watu wakipiga hodi alisema, "Karibuni, watu." Majirani waliona ni kichekesho, wakadhani ni msemo wa Kindamba, lugha ya kwao. Hata shangazi zangu walipokuja kutoka Mkula na kuku na vikapu vyao, walikaribishwa kama watu. Baba naye akipigiwa hodi alisimama kabla ya kuitikia, kila mara, hata akiwa na tonge mdomoni. Niliwauliza wenzangu wa Kisukuma shuleni "mayu" maana yake nini. Wakaniambia ni mama.

Tangu hapo natazama miguu. Siku ya mnada Ifakara wengine hutazama ng'ombe, mimi natazama miguu ya wanaowaswaga. Mwanamume wa makamo akichechemea, namfuata hatua kadhaa bila kujua nitamwambia nini. Mume wangu amewahi kunitania kwamba ameoa fundi viatu. Sikumwambia. Nimezaa naye watoto watatu na sikumwambia.

Mama alifariki, uchaga ukabaki, na baba akabaki chini yake akijipikia. Macho yake yamefifia lakini akili yake ni nzima, na hilo nalo lilinitisha. Nilitaka Mgeni atoke humo baba akiwa hai, na nilitaka habari ile ibaki humo. Mambo mawili hayo niliyataka kwa pamoja, nikaona yanawezekana.

Jumamosi nikaenda. Nilimwambia nitaupeleka mzigo mwenyewe, ofisi ya kata ni mbali, jua kali, apumzike.

"Mgeni husindikizwa na mwenyeji," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno lile kinywani mwake tangu nikiwa msichana. Alikwisha vaa koti.

Barazani pa ofisi ya kata palikuwa na meza, na chini turubai, na juu ya turubai magobore sita au saba yamelala ubavu kwa ubavu, yakinuka moshi wa jikoni. Nilishangaa jinsi yote yalivyonuka jiko. Mezani alikaa afisa wa polisi, mdogo kwa umri kuliko mimi, na pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, mzee wa Kisukuma anayewakilisha wafugaji kwenye kamati ya usuluhishi. Namfahamu vizuri, tumekaa vikao vingi, tumegombana vingi pia, kwa sababu yeye hapendi kuharakishwa nami sipendi kucheleweshwa.

Afisa akauliza jina, umri, aina ya silaha, ilipopatikana. Akauliza, "Imewahi kutumika kwa tukio lolote?" Swali lile halikuwamo kwenye barua yangu. Nikajibu haraka mimi, "Ya kufukuzia nguruwe pori tu." Kisha nikafungua kitenge.

Katambuga likaanguka mezani. Uzi wake ulikuwa kijani bado.

"Na hiki?"

"Takataka," nikasema. "Wazee wanaweka kila kitu." Mkono wangu ulikwisha fika juu yake. Nilikuwa tayari kulitupa nje ya baraza, na Mungu anisamehe, nililaumu macho ya baba kwamba hayakuona alichokifunga.

"Si takataka," baba akasema. "Nililiweka."

Akaeleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alieleza ng'ombe, barua, mtu wa kupima, ukungu. Nilingoja afike kwenye sheshe. Tumeishi na sheshe yule miaka yote hii, nimemlisha, nimemtetea moyoni mwangu kila nilipoamka usiku.

"Niliona kitu cha kahawia kinatembea," baba akasema. "Ningengoja kidogo ningejua ni nini. Nilikuwa na hasira ya mpunga. Sikungoja. Sheshe nilimtafuta baadaye, wakati nashuka ngazi."

Afisa aliweka kalamu chini. Akauliza kama yule mtu alikufa. Baba akasema hajui. Akauliza kama kuna aliyelalamika. Baba akasema hakuna. Afisa akachukua karatasi nyingine, akaandika taratibu, akamsomea, baba akatia dole gumba ingawa anajua kuandika, macho hayakuuona mstari. Akaambiwa akihitajika ataitwa. Hajaitwa mpaka leo, na kila pikipiki ikisimama nje bado anainuka.

Yule mzee wa wafugaji akanyoosha mkono. Alilichukua katambuga, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ushonaji.

"Naweza kwenda nalo?" akauliza.

Afisa akatazama fomu yake. Hapakuwa na safu ya viatu. Akalipiga picha kwa simu, akasema nenda nalo, likihitajika ulirudishe.

Njia nzima ya kurudi sikumsemesha baba. Nilikuwa na hasira naye kwa kusema, na hasira zaidi kwa kunyamaza miaka yote hiyo, na nilijua hasira hizo mbili haziwezi zote kuwa na haki. Kufika nyumbani alisimama jikoni akatazama juu. Akasema uchaga umekuwa mkubwa.

Zikapita wiki kadhaa. Mzee wa wafugaji alikuja ofisini kwangu asubuhi, akanisalimu, tukaulizana habari za watoto, mvua, malisho, yote kwa mpangilio wake, nami kwa mara ya kwanza sikumharakisha. Alisema amelipeleka katambuga boma kwa boma, hadi kwa waliohamia kule Chita na waliovuka milima.

"Wamejitokeza watatu," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza watatu nini.

"Familia tatu, mtendaji. Kila moja ina mtu aliyetoka asubuhi asirudi. Kila moja inasema huenda ni la kwao. Mkato wa tairi ni mmoja, uzi wa nyavu kila mtu anao."

Nilipeleka habari hiyo kwa baba nikitumaini itamchanganya akate tamaa. Yeye alikuwa akipepeta mchele kwa ungo, kazi anayoifanya kwa vidole sasa, si kwa macho.

"Tutakwenda kwa wote watatu," akasema.

"Baba, ulipiga risasi moja."

"Ndiyo."

"Basi nyumba mbili utaomba msamaha wa kosa la mtu mwingine. Na pengine zote tatu. Pengine wako alipona."

"Unajua ni zipi?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa. "Mimi pia sijui. Waite bodaboda wawili, na debe la mchele lile pale."

Mzee wa wafugaji alitutangulia. Njia ilikuwa ndefu, na kila tuliposimama kupumzika nilimsikia baba akirudiarudia neno alilomwomba yule mzee amfundishe, mwangaluka, mwangaluka, salamu ya Kisukuma. Tulifika jua limekwisha pinda. Kwenye boma la kwanza mama mmoja mzee sana alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, miguu imenyooshwa, na nilijikuta naitazama. Baba akavua kofia.

"Mwangaluka," akasema.

"Hiyo ni ya asubuhi," yule mama akasema kwa Kiswahili, akitabasamu kwa fizi. "Saa hizi ni mwadila. Lakini imepokelewa. Kaeni."

Tukakaa mkekani. Katambuga lilikuwa mapajani mwake. Mzee wa wafugaji alikuwa amemrudishia tangu jana yake. Baba alipiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu, akasema yote. Alisema kahawia, alisema hasira, alisema sikungoja. Alisema pia neno tulilolisikia kwenye matete, "mayu," na aliposema hilo yule mama alifumba macho. Hakulia. Aliuliza ilikuwa msimu gani, mpunga umefika wapi, mto ulikuwa umejaa au la. Baba akamjibu kila kitu. Kisha yule mama akaagiza tuletewe chakula, viazi vitamu vilivyokaushwa viitwavyo matobolwa, na maziwa, akatusimamia tule mpaka tumalize.

Tulipokwisha nawa, alimrudishia baba lile katambuga.

"Si la mwanangu," akasema. "Mwanangu alivaa raba. Nilijua siku lilipoletwa hapa."

Hapo ndipo hasira yangu ilipotaka kutoka, maana baba yangu alikuwa bado amepiga magoti kwenye udongo, mzee mzima, mbele ya wajukuu wa yule mama. Nikamuuliza, kwa adabu niliyoweza, "Mama, sasa mbona ulisema huenda ni la kwenu?"

Akanitazama. Alijua mimi ni nani. Mzee wa wafugaji alikwisha mwambia.

"Mwanangu ana miaka mingi tangu apotee," akasema. "Huyu ndiye mtu wa kwanza kuja."

Baba hakuweza kuinuka, ikabidi tumshike huku na huku, mimi na mzee wa wafugaji. Yule mama aliinuka mwenyewe kwa fimbo yake akatusindikiza mpaka kwenye uzio wa miba, hatua fupifupi, nasi tukizifuata. Pale langoni akaniuliza kama mtendaji hutembea na daftari. Nikamwambia ndiyo.

"Basi niandikie," akasema. "Leo nilikuwa na wageni."